Shahada ya Pili ya Muuza Magodoro

Siku ya punguzo la bei, duka la magodoro hugeuka uwanja wa vita. Kuna waliokuja kununua, kuna waliokuja kubonyeza tu na kurudi kwao, na kuna watoto wanaorukaruka huku mama zao wakiwakemea kwa mdomo na kuwaonea wivu kwa macho. Katikati ya zogo hilo, juu ya godoro la bei kali kuliko yote, mwanamume mmoja alikuwa amelala. Sisemi alijinyoosha kujaribu. Alilala fofofo, mdomo wazi, viatu amevivua na kuvipanga pembeni kama mtu aliye chumbani kwake.

"Kamwamshe yule," meneja akamwambia muuzaji wake. "Watu wataanza kuuliza kama anauzwa pamoja na godoro."

Muuzaji alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu. Alivaa blauzi ya njano ya duka, sketi nyeusi na viatu bapa, maana kusimama kutwa hakutaki urembo. Nywele alizisuka mistari myembamba akazikusanya nyuma. Macho yake yalikuwa na tabia ya kucheka kabla mdomo haujapewa ruhusa.

Akasimama juu ya yule bwana akamtazama. Shati jeupe la mikono mifupi, suruali ya bluu iliyokoza, na saa imening'inia kifuani kichwa chini. Kope ndefu zisizo na kazi yoyote kwa mwanamume. Binti alizitazama kwa muda mrefu kidogo kuliko kazi ilivyohitaji. Sitamchongea kwa meneja.

"Kaka. Kaka, samahani."

Akakoroma tu.

Akainama karibu na sikio. "Kaka, mwenye kitanda amerudi."

Mwanamume akaruka na kuketi. "Kitanda cha ngapi? Nani ameita?"

"Kitanda cha punguzo. Nimeita mimi."

Akapangusa uso kwa viganja. "Dada yangu, nisamehe. Nimetoka zamu ya usiku. Matroni kanituma nitazame magodoro ya wodi, nikasema nijaribu kidogo."

"Umejaribu tangu tulipofungua mlango."

"Basi godoro ni zuri. Andika hivyo."

"Pole na kazi, daktari."

"Muuguzi," akamsahihisha, wala hakuona haya. "Wodini kwetu kila mwanamume huitwa dokta na kila mwanamke sista. Hata mfagiaji wetu wanamwita dokta, na siku hizi ameanza kuitikia."

Binti akacheka, kisha akakumbuka kuwa yuko kazini. "Wodi gani?"

"Mifupa."

"Basi achana na hili. Chukua lile gumu. Mifupa inataka kitu kigumu, mgongo usicheze."

"Wewe ukichoka kulalia upande mmoja unafanyaje?"

"Nageuka."

"Mgonjwa wangu hageuki mpaka nimgeuze. Hebu lala kwenye hilo gumu lako."

"Mbele ya wateja?"

"Mimi nimekoroma mbele yao. Umebaki na aibu gani?"

Akalala. Muuguzi akamwambia asijitikise hata kidogo. Haukupita muda visigino vikaanza kumuuma, na hapo badala ya kuinuka binti akaanza kuuliza. Kwa nini kisigino na si paja? Damu inazibwa wapi? Ngozi inajuaje? Muuguzi akamwonyesha kwenye mkono wake mwenyewe: ukibonyeza palipokuwa pekundu pakageuka peupe, bado kuna amani, pakibaki pekundu, kidonda kinabisha hodi. Binti naye hakubaki nyuma. Akamwambia laini tupu pia si jibu, sponji laini hufa katikati, mtu akazama akagusa ubao. Ni afadhali lenye tabaka mbili, tena ligeuzwe mara kwa mara.

"Wewe," muuguzi akasema, "unauza magodoro au unasomea udaktari?"

Macho ya binti yakaacha kucheka. "Nimeomba udaktari mara mbili. Mara mbili wamenikataa."

Wateja walikuwa wanamngoja. Muuguzi akavaa viatu, akachukua karatasi ya bei, akasimama hapo kama mtu aliyesahau mlango ulipo.

"Naomba namba ya simu."

"Ya duka iko hapo chini."

"Naitaka ya yule aliyecheka."

Akapewa. Tangu siku hiyo binti akawa Sponji, na yeye akawa Bwana Usingizi. Wenyewe walidhani hayo ni majina ya utani tu. Wapenzi hudhani hivyo, kumbe huo ndio ubatizo.

Sasa niwaeleze shida ya Sponji, maana bila hiyo hakuna hadithi, kuna kope tu.

Sponji alikuwa na shahada ya masoko. Sekondari alisoma sayansi na moyo wake ulikuwa hospitalini, lakini alama za mwisho zikamwangusha kidogo, na shangazi yake akasema asikae bure, asome lolote lenye nafasi. Akasoma masoko kama mtu anayekula bila njaa. Alama zake zikatoka zikichechemea. Chuo cha udaktari kina mlango wa watu wenye shahada tayari, lakini pale mlangoni wanatazama alama za shahada ya mwisho, na wanatazama kama umewahi kumgusa mgonjwa. Sponji alikuwa amegusa magodoro.

Akaenda chuoni kumwona mshauri wa masomo, mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, katika ofisi yenye feni inayolalamika kuliko inavyopuliza.

"Alama za zamani huwezi kuzifuta," mama yule akamwambia, "ila unaweza kuzifunika kwa shahada ya pili, si ya uzamili, ni ya kuanza upya. Wako walioingia udaktari kwa njia hiyo. Kwako naona njia mbili. Sayansi ya tiba: ni darasa na maabara, ukijua kukaa na kitabu alama nzuri zinapatikana. Ama uuguzi: wenye shahada tunawapunguzia muda, na utashika wagonjwa tangu mwanzo. Lakini wodi inachosha, na mtu aliyechoka alama zake nazo husinzia."

"Ipi itaniingiza udaktari?"

"Zote mbili zimewahi kuingiza watu, na zote mbili zimewahi kuacha watu nje. Kwa hiyo nakuuliza hivi: ukiomba mara ya tatu wakakukataa, utabaki na hiyo shahada ya pili mkononi. Asubuhi utaamka uende wapi?"

"Sitakataliwa," Sponji akasema.

Mama wa miwani akatabasamu. Jibu hilo alikwisha kulisikia kabla ya chai, akalisikia tena baada ya chai.

Muuguzi alimpigia kila mchana, saa ya mapumziko.

"Sponji."

"Bwana Usingizi. Umeamka au unaota?"

"Naota. Sauti ni yako, kwa hiyo usiniamshe."

"Umekula?"

"Ndizi moja na matusi ya mgonjwa mmoja. Haya, nitajie safari ya damu moyoni."

"Hapa dukani?"

"Damu haichagui mahali."

Sponji akajibanza nyuma ya mito. "Inaingia chumba cha juu kulia, inashuka cha chini, inakwenda mapafuni kuvuta hewa, inarudi kushoto juu, inashuka, halafu inatoka kwa kishindo kwenda mwilini."

"Kama mgeni anayekagua nyumba."

"Kama mteja wangu. Anazunguka duka zima halafu anatoka bila kununua."

"Mimi nilinunua."

"Wewe ulilala!"

Jioni ambazo hakuwa na zamu alimngoja nje ya duka. Alijua kuvaa huyu kijana, msidhani ni shati la kazi tu. Alikuwa na shati moja la kijani kibichi ambalo likimpitia mbele meneja, meneja mwenyewe alivuta tumbo ndani. Walitembea mitaani chini ya taa za maduka, wakanunua karanga za kuchoma, na Sponji alimwuliza mambo ya wodini mpaka karanga zikapoa mkononi. Muuguzi alipenda kuulizwa. Miaka yote tangu aanze kazi, watu walikuwa wakimwuliza swali moja tu: "Na udaktari utaanza lini?" Kama vile yeye ni nyumba ambayo haijaezekwa. Huyu alimwuliza kazi yake yenyewe.

Sasa njooni kwenye simu iliyoharibu mambo.

Ilikuwa Jumamosi mchana, duka limetulia. Muuguzi alikuwa hewani, anamchokoza.

"Kwa hiyo umeamua uuguzi?"

"Nimekaribia kuamua."

"Sema umeamua, niinunulie wodi nzima soda."

"Subiri, mpenzi, shangazi anapiga. Usikate, nakurudia sasa hivi."

Sponji alitaka kumweka pembeni amsikilize shangazi. Kidole kikabonyeza pale pa kuunganisha simu. Wote watatu wakawa hewani, na yeye hakujua.

Shangazi huyu ndiye aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Alikuwa fundi cherehani wa magauni ya harusi, na sauti yake ilizoea kushindana na mashine.

"Nimesikia unataka kusomea unesi!"

"Shangazi, shikamoo."

"Marahaba. Ni kweli? Umesoma magodoro, sasa unataka kwenda kuyatandika?"

"Shangazi, nisikilize kwanza..."

"Nikusikilize nini? Nimewaambia watu wangu wote wa magauni kwamba binti yangu atakuwa daktari. Leo niwaambie anabeba beseni?"

Hapo Sponji angeweza kusema mengi. Angeweza kusema alivyoona, alivyouliza, alivyokosa usingizi kwa furaha. Lakini sauti ya shangazi ilikuwa ile ya utotoni, na utoto ukarudi ukamziba mdomo. Akasema yale ambayo yangeimaliza simu upesi.

"Uuguzi ni daraja tu, shangazi. Mtu anavuka, hajengi nyumba juu yake. Nani anataka kukaa kule maisha yake yote?"

Shangazi akashusha pumzi. Halafu sauti ya mwanamume, tulivu, ikaingia katikati yao.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba... Nani huyo?"

"Ni mimi niliyejenga nyumba darajani. Nawatakia mazungumzo mema."

Akakata. Sponji akabaki ameishikilia simu sikioni, ameganda katikati ya mito.

"Ana adabu," shangazi akasema. "Nani huyo? Mbona hukuniambia?"

Sponji akampigia muuguzi, hakupokea. Akampigia tena. Alipopokea, sauti yake ilikuwa ya zamu, ile anayowapa ndugu wa wagonjwa wanaopiga kelele.

"Nisamehe. Nilimwogopa shangazi, maneno yalinitoka tu."

"Yalitoka yamepangika."

"Sikumaanisha wewe!"

"Na mimi nikoje kwani? Ukishapata koti jeupe, nami utanivuka? Utakwenda kwa daktari mwenzako mkajenge ng'ambo?"

"Usijilinganishe na kozi!"

"Nani aliyenilinganisha?"

Sponji akachomwa, na aliyechomwa huchoma. "Basi sawa. Nitachukua sayansi ya tiba, usije ukasema nimekukanyaga."

"Chukua unachotaka. Kila la heri, dada."

Hilo "dada" ndilo lililomliza. Kila mteja humwita dada.

Akafanya alivyosema. Akaingia kwenye mtandao wa chuo, akaweka sayansi ya tiba kuwa chaguo la kwanza, na Ijumaa ingekuwa siku ya mwisho ya kuthibitisha. Nimewaona watu wakichagua gauni, mume na kozi kwa hasira. Katika vitatu hivyo, duka hupokea kimoja tu kikirudishwa.

Alipaswa kufurahi. Shangazi alifurahi kwa niaba yake. Lakini akifungua kitabu cha sayansi ya tiba aliona vichupa na hadubini, na kila mara mama wa miwani alikuwa anamwuliza kutoka nyuma ya vichupa: utaamka uende wapi?

Sasa shule ya uuguzi ilikuwa na utaratibu wake. Kila mwombaji mwenye shahada hutumwa wodini kwanza, akae na wauguzi, aone kazi kwa macho kabla hajathibitisha. Sponji alikwisha pangiwa Jumatano, wodi ya wanawake. Angeweza kutokwenda. Akajiambia anakwenda kwa sababu ameshaomba ruhusa kwa meneja. Moyo ulikuwa na sababu yake nyingine, ila haukuulizwa.

Matroni, mwanamke mfupi mpana anayetembea bila kutoa sauti, akamkagua: suruali ya kitambaa, shati jeupe lililonyooshwa, kucha zimekatwa.

"Wodi ya wanawake imejaa wanafunzi. Wewe nenda mifupa."

"Mifupa?"

"Una ugomvi na mifupa?"

"Hapana, matroni."

"Basi kimbia, wanakabidhiana zamu."

Makabidhiano ya zamu ni ibada yao. Wanaotoka na wanaoingia wanapita kitanda kwa kitanda, na kila mgonjwa anasemewa alivyolala, alivyokula, panapomuuma. Muuguzi wetu ndiye aliyekuwa anaanza zamu ya mchana, na aliyekuwa anaondoka alikuwa na haraka, akamwachia daftari la zamu asome mwenyewe. Alikuwa amefika kitanda cha dirishani Sponji alipoingia.

"Huyu ni mwalimu mstaafu," muuguzi akasema, "amevunjika nyonga, ameshafanyiwa upasuaji, usiku amelala... amelala..."

"Nimelala vibaya," mwalimu akamalizia kutoka kitandani. "Nawe umeona nini huko mlangoni kimekuzidi?"

Muuguzi akafunga daftari. "Ni wakati wa kumgeuza. Tunahitaji watu wawili." Akamtazama Sponji kama anavyotazamwa mgeni. "Unajua kugeuza?"

"Nimegeuza magodoro tangu nimalize chuo."

"Magodoro hayalii."

"Wewe ungejuaje? Ukiyafikia unakoroma."

Mwalimu akainua nyusi moja. Alikuwa mzee mwembamba mwenye ndevu nyeupe zilizochongwa vizuri, na tangu avunjike alikuwa hajapata burudani.

Wakasimama mmoja huku, mmoja kule, mzee katikati, mto kati ya miguu yake ili nyonga isipinde. Kila mmoja akashika shuka la kumgeuzia.

"Tunakwenda kwenye tatu," muuguzi akasema. "Moja, mbili..."

Sponji, kwa hasira na kwa hofu, akavuta kwenye mbili.

"Weee!" mwalimu akapiga kelele. "Kama mna ugomvi, nilazeni kwanza ndipo mgombane!"

"Samahani, mwalimu!" wakasema kwa pamoja.

"Hapo mmeweza kwenda pamoja. Sasa sikilizeni. Nimesimamia madarasa mpaka nikastaafu, nawajua watu waliokaa dawati moja wakanuniana. Hamnigeuzi mpaka mmalize. Binti, sema ulichokosea. Kijana, sema kilichokuuma. Mimi siendi popote."

Wagonjwa wa vitanda jirani wakazima redio.

Sponji alikuwa bado ameshika shuka. Akazungumza akilitazama. "Nilisema uuguzi ni daraja. Nilimwogopa shangazi yangu, nikaiuza kazi yako ili anyamaze."

"Na kilichoniuma," muuguzi akasema polepole, "ni kwamba wote huniuliza lini nitakuwa daktari. Wewe peke yako hukuniuliza. Nikasikia kumbe ulikuwa unawaza kama wao."

"Sikuwaza. Niliogopa tu."

"Kuna tofauti?"

"Ipo. Ukiwaza unalala. Mimi tangu Jumamosi silali."

"Na magodoro yote yale?"

Pakawa na kicheko kitanda cha jirani. Muuguzi akajaribu kukaza uso, uso ukakataa.

"Daraja la pili," mwalimu akasema, "lakini mmefaulu. Haya, nigeuzeni, upande huu umekufa."

"Moja," muuguzi akasema.

"Mbili," akasema Sponji.

Kwenye tatu mzee akageuka taratibu kama ukurasa wa kitabu. Wala hakuguna.

Sponji alipovuta shati la mgonjwa kulinyoosha, akaona chini ya kiuno doa jekundu. Hakungoja kuambiwa. Akauliza ruhusa, akabonyeza kwa kidole, akangoja. Pekundu pakachelewa, kisha pakageuka peupe, lakini kwa uvivu.

"Bado kuna amani," akasema, "ila kidogo." Akapeleka kiganja chini ya shuka, akakandamiza pale alipokuwa amelala mzee. "Hili godoro limekufa hapa katikati. Anagusa ubao. Hata ukimgeuza kila saa, akirudi hapa ni kazi bure."

"Nimeliandikia mara nyingi," muuguzi akasema. "Yale mapya bado hayajaletwa."

"Basi tuligeuze, kichwani kwende miguuni. Upande wa miguu bado mzima."

Wakamwita mwenzao wa tatu, wakamsogeza mzee kwenye kitanda cha magurudumu, wakageuza godoro, wakamrudisha juu ya sehemu nzima na mto nyuma ya mgongo. Mwalimu akajilaza. Akafumba macho. Akatoa sauti moja ndefu.

"Aaah."

Hivyo tu. Sponji alikuwa ameuza magodoro mengi, na watu wengi wamemshukuru, lakini sauti hiyo hakuwahi kuisikia dukani. Ilimwingia ikatafuta pa kukaa, ikapapata. Swali la mama wa miwani likapata jibu. Akikataliwa mara ya tatu, ya nne, hata milele, asubuhi ataamka aje hapa, kwenye hiyo "aaah".

Walipopata nafasi ya kunywa maji kwenye korido, muuguzi akasema, "Usichague uuguzi kwa ajili yangu. Sitaki kuwa sababu yake, baadaye niwe lawama yake."

"Siuchagui kwa ajili yako. Wewe nimekupanga foleni nyingine."

"Na udaktari?"

"Nitauomba tena. Nautaka kama zamani, sikufichi. Wakinikubali nitaingia, wakinikataa nitakuwa hapa na sitaona nimeanguka. Shahada hii hata ikibaki peke yake, naitaka."

"Na wakikukubali?"

"Nitakuja wodini na koti langu nikuulize: muuguzi, mgonjwa wetu amelalaje? Na utanijibu, tena mbele ya watu, maana wewe ndiye utakayejua."

Akamtazama kwa zile kope zake. "Sponji."

"Naam, Bwana Usingizi."

"Umenikondesha."

"Utanenepa."

Ijumaa, kabla dirisha la chuo halijafungwa, Sponji akathibitisha uuguzi. Kisha akampigia shangazi, akiangalia kidole kinabonyeza wapi.

"Shangazi, nimechukua uuguzi. Na sitasema tena kuwa ni daraja."

Cherehani ikanyamaza upande wa pili. "Na yule mwenye shikamoo?"

"Yupo."

"Maana nimefikiri. Mtu anatukanwa, halafu kabla ya kukasirika anaamkia kwanza. Mwanamume wa namna hiyo tangu nishone magauni sijamwona. Saa ya kutazama wagonjwa ni saa ngapi huko?"

"Shangazi, huna mgonjwa huko!"

"Nina magoti."

Akaenda kweli, na gauni la zambarau lenye mikono ya puto, wodi nzima wakadhani mke wa waziri amekuja. Magoti hakuyataja hata mara moja. Alisimama mlangoni akamtazama kijana anavyomlisha mtu aliyefungwa plasta mikono yote miwili, kijiko kwa kijiko, huku anamsimulia mpira. Akatoka bila kusema neno. Kesho yake akapima kitambaa cheupe cha sare ya wodini, na pembeni yake, bila kuulizwa na mtu, kitambaa kingine cheupe chenye nakshi. Hicho cha pili akakificha kabatini. Shangazi anajua kukadiria mambo.

Siku ya mwisho ya Sponji dukani ikaangukia tena siku ya punguzo. Vita ileile, watoto walewale. Mchana, meneja akamjia akijipangusa jasho.

"Yule bwana wako amerudi. Kalala palepale. Kamwamshe."

Alikuwa amelala kwenye godoro la bei kali, na shati la kijani kibichi, viatu amevipanga pembeni, mdomo wazi. Lakini Sponji alishajua anavyokoroma, na huu haukuwa mkoromo wake. Huu ulikuwa wa kuigiza. Akainama sikioni.

"Kaka, mwenye kitanda amerudi."

Jicho moja likafunguka. "Ndiye ninayemngoja. Nataka godoro."

"La wodi?"

"La watu wawili."

Moyo wa Sponji ukatoka kwa kishindo kama ile damu ya chumba cha kushoto. Lakini muuzaji ni muuzaji. Akanyoosha blauzi yake ya njano kwa mara ya mwisho.

"Ya watu wawili yapo ya aina mbili, mteja. Hili hapa mmoja akigeuka mwingine hasikii kitu. Lile pale mmoja akigeuka, mwingine anajua."

"Nipe lile la anajua."

"Utachoka. Mimi nageuka sana. Nitakuwa na mitihani, na zamu, na maombi ya udaktari mara ya tatu."

"Kugeuza watu ndiyo kazi yangu." Akaketi, akamshika mkono. "Sponji, nioe... hapana. Nikuoe. Ama tuoane, nimesahau nilivyopanga."

Wateja wakaacha kubonyeza. Meneja akavuta tumbo ndani.

"Uliza vizuri," Sponji akasema, macho yake yakicheka na kulengwalengwa na machozi kwa pamoja. "Kwa utaratibu wa wodini."

"Haya. Unajibu kwenye tatu. Umesikia? Kwenye tatu. Utakubali kuwa mke wangu? Moja, mbili..."

"Ndiyo!"

Kwenye mbili. Huyo binti hajawahi kuweza kungoja tatu.